Maji ya Taulo la Bluu

4 Machi

Leo nimemsingizia wifi yangu mbele ya mteja, na nimemsingizia bila hata kumeza mate.

Karani wa mahakama alikuja kuchukua shati lake jeupe, lile la kola ngumu, akalikuta lina alama ya pasi mgongoni, kahawia, nzima nzima. Aliyeliunguza ni mume wangu. Pasi ilimlemea mkononi, akashindwa kuinyanyua, akabaki anaitazama inavyounguza mpaka niliposikia harufu nikaja mbio. Mtu ambaye mtaa mzima unamwita Mzee Mistari, kwa sababu suruali aliyoinyoosha yeye unaivaa wiki na mstari wake haujalala! Ningemwambiaje karani?

"Ni huyu wifi yangu," nikasema. "Yupo yupo tu, akili haiko kazini."

Wifi alikuwa palepale anakunja shuka. Alinitazama, akalitazama pazia ambalo kaka yake amekaa nyuma yake, kisha akasema, "Samahani sana, bwana karani. Mkono umeniteleza."

Kwa kweli wifi huyu ananichosha. Alikuja kutusaidia kaka yake alipoanza kuumwa, na msaada wenyewe ni kukaa naye uani wakipiga soga tangu asubuhi. Lakini shati hakuliunguza.

6 Machi

Mvua imeanza. Bati linapiga kelele, nguo hazikauki, na wateja wanadhani dobi ndiye anayeleta mawingu.

9 Machi

Kliniki. Daktari wa mishipa ya fahamu ni mama mwembamba asiye na haraka. Kaeleza tena, maana mimi huwa nasikia nusu: neva zinazoamuru misuli zinakufa moja baada ya nyingine, mikono kwanza, kisha ulimi, kisha kumeza, na mwisho pumzi. Dawa anayompa haiponyi, inapunguza mwendo kidogo tu. Ulimi umeshaanza. Mume wangu akisema maneno marefu, silabi zinapandana.

Nikafungua mkoba wangu, nikamwaga mezani kila nilichokusanya. Bangili ya sumaku. Unga wa mizizi wa yule bwana wa sokoni. Mafuta ya mchuaji. Vichupa vya sindano za vitamini. Mume wangu alicheka mpaka akapaliwa. "Mkuu," akaniambia, "umefungua duka?" Mimi kwake ni Mkuu wa Kikosi tangu tulipooana.

Daktari hakucheka. Alishika kimoja kimoja na kuuliza maswali yaleyale. Nani wamejaribu? Wale ambao hawakupewa walikuwaje? Aliyepima alikuwa anajua nani kapewa na nani hakupewa? "Na la mwisho, mama, jiulize kitu hicho kitamnyang'anya nini."

Nikamwambia simezi kila ninachoambiwa. Mimi napima. Nikamweleza habari ya taulo, naye ikampendeza, nikaona. Akasema, "Basi chunga mambo mawili. Kitu cha kupimia kisibadilike. Na wewe usiwe na hamu mno."

"Daktari," nikamwambia, "taulo ni taulo. Nimeanza kufua wewe hujaota meno."

14 Machi

Jumapili, siku ya kupima. Nalilowesha taulo la bluu tulilopewa harusini, nalining'iniza mpaka liache kudondosha, namkabidhi. Analikamua juu ya beseni kwa nguvu zake zote. Maji nayamimina kwenye jagi, naweka mstari kwa rangi ya kucha pale yalipofika. Wifi anasema jagi hilo limerembwa kuliko bi harusi.

Mistari inashuka kila wiki. Bangili, inashuka. Unga wa mizizi, inashuka, na tumbo la kuendesha juu yake. Mafuta, inashuka, ila ngozi inang'aa. Kwa hiyo vyote nimevitupa. Najisifu kidogo, kwa nini nisijisifu? Watu wenye vyeti wanauziwa sumaku, mimi dobi nimeikataa kwa ushahidi.

Leo maji yalikuwa haba. Alikunja uso, mishipa ya shingo ikamtoka, kisha akaliachia taulo likaanguka kwenye beseni. "Limeniweza," akasema. Mimi nikajitia hamnazo, nikaenda kuangalia mashine.

17 Machi

Kwenye kundi letu la simu, la watu wenye wagonjwa wa namna hii, kuna habari mpya. Mtu mmoja kasema kaka yake anatumia vidonge vya kifafa, na mikono imeanza kurudi. Si mitishamba, ni vidonge vya kiwandani, vimetengenezwa kwa ugonjwa mwingine tu. Wanasema vinatuliza neva zisijichome. Nimesoma mpaka macho yameniuma. Waliovijaribu walikuwa wachache. Hakuna aliyepima kitu. Lakini maneno yenyewe yalikuwa yanaingia akilini.

Mwalimu mstaafu, ambaye naye anaumwa na huandika kwa kidole kimoja, kaniandikia mbele ya wote: "Dobi, wewe ndiye mwenye mizani yetu. Ukivipima, tuambie." Nilivimba kichwa. Sina budi kusema hivyo, nilivimba.

Mfamasia wa kona alikataa. Cheti cha daktari kiko wapi? Nikamkumbusha nani hufua makoti yake meupe, na nani alimtolea damu ya panya kwenye shuka za mama mkwe wake bila kuuliza maswali. Akaangalia pembeni, akafungua kabati.

Daktari sitamwambia sasa hivi. Nitamwambia matokeo yakipatikana.

19 Machi

Kaanza. "Hivi ni vya nini?" kauliza. Nikamwambia. Akasema, "Haya, Mkuu," akameza.

21 Machi

Amelala mchana kutwa. Maji hayakupanda wala kushuka. Hayajashuka! Nimeandika kwa alama ya mshangao na siifuti.

25 Machi

Mvua wiki nzima. Kamba tumezitundika mpaka juu ya kitanda, na nguo zinanuka uvundo. Nimeleta dumu zima la kilainishi cha harufu ya maua, nimekimimina kwenye kila mfuo. Ukutani mume wangu aliandika zamani kwa mkono wake, herufi kubwa: TAULO HATUWEKI KILAINISHI. Sheria za ukutani zitasubiri jua lirudi.

28 Machi

Yamepanda!

Sikuamini, nikamwaga, nikamwambia rudia. Akarudia huku macho yanafumba kwa usingizi. Yamepanda, mstari mzima juu ya ule wa wiki iliyopita. Nikampiga busu la utosini mbele ya dada yake, mambo ambayo hatufanyi. Alinitazama kwa namna fulani, akalishika lile taulo, akalisugua kwa dole gumba. Nikamuuliza, "Vipi?" Akasema, "Hamna kitu. Vizuri."

Nimejikuta naimba nikikunja foronya. Wifi kachungulia mlangoni kuona kama ni redio.

29 Machi

Nimeliambia kundi. Niliandika kwa adabu, nikaweka na picha ya jagi. Simu imelia mpaka imeisha chaji. Mwalimu kaandika, "Mungu akubariki, Dobi. Binti yangu anakwenda kuvitafuta leo."

4 Aprili

Yamepanda tena, si sana. Alilala baada ya chai, akaamka nilipomwekea taulo mkononi, akakamua, akalala.

7 Aprili

Leo aliomba kuacha.

Alisubiri mpaka wateja wapungue. Anaongea polepole sasa, anachagua maneno mafupi. "Mkuu, dawa hii inaniweka mbali. Nasikia mnaongea, nataka kujibu, nikifungua mdomo mmeshaondoka. Tuiache."

"Tuiache? Na maji yanapanda?"

"Maji," akasema.

"Mwezi mmoja tu. Nakuomba. Unataka nikae nakutazama unavyoisha?"

Sikupaswa kusema neno hilo. Lilinitoka. Akainamisha kichwa, akanyoosha kiganja, nami nikaweka kidonge juu yake. Nilimshika na kidevu kuhakikisha amemeza, kama mtoto. Mume wangu huyu, ambaye hata mama yake hakuthubutu kumshika kidevu.

11 Aprili

Juu. Mvua.

15 Aprili

Nimegombana na wifi, na kanipa vidonge vyangu vya kutosha.

Alianza kwa utani wake. "Wifi, ulimwoa kaka yangu au ulimwajiri kukamua?" Nikamwambia wanaofanya kazi hawana nafasi ya utani. Akaweka chini beseni.

"Nikuambie kitu? Asubuhi anakuwa macho kidogo, kabla hujamletea hicho kidude chako. Jana alikuwa ananisimulia siku mliyofungua duka hili, mvua ilivyovujia kabati la suti. Alikutafuta kwa macho uje umsaidie kumalizia. Wewe ulikuwa unapiga picha jagi."

"Kelele za wavivu," nikamwambia. "Kazi yako kupiga soga. Mimi napigania mtu."

"Pigania," akasema. "Lakini uwe unamtazama."

Nikamwambia kama nyumba imemchosha, kituo cha mabasi anakijua. Hakuondoka. Alirudi kwa kaka yake, na mimi nikabaki nimeshika foronya ya watu, uso unanichoma. Kwa hasira, nilidhani.

18 Aprili

Alilala wakati anakamua. Maji hata hivyo mazuri.

25 Aprili

Juu kidogo. Nimeweka mstari. Ameuliza jambo fulani, sikulipata, nikamjibu ndiyo.

2 Mei

Nitaandika yote, kwa mpangilio, maana nikiyaacha nitajitungia mengine.

Asubuhi meneja wa nyumba ya wageni alikuja na mizigo yake yote miwili ya taulo, akaibwaga juu ya kaunta. Ni mtu mpole, hata leo hakupaza sauti.

"Dada, tumefanya kazi miaka mingi. Taulo zako zimekuwaje? Wageni wananirudishia. Hazikaushi mtu. Unajifuta, maji yanabaki mgongoni. Zimelainika kama hariri, lakini hazishiki maji hata tone."

Nikafungua mdomo kumjibu. Macho yangu yakapanda ukutani nyuma ya bega lake, kwenye herufi za mume wangu. TAULO HATUWEKI KILAINISHI. Tena kuna na maelezo chini, kwa herufi ndogo, nimeyaona miaka yote hii: Yataacha kushika maji.

Sijui nilimwambia nini meneja. Nadhani nilimwahidi kuzifua upya kwa siki. Alipotoka nilikwenda chumba cha kufulia nikafunga mlango. Taulo la bluu lilikuwa kwenye kamba. Tangu dumu lile lifunguliwe limekuwa likiingia na mfuo wa nyumbani, kila wiki, kila wiki. Nikalitafuta pacha wake, lile jingine la harusini, ambalo lilikuwa limekaa sandukuni halijaguswa tangu mwaka jana. Nikayalowesha yote mawili. Nikayaning'iniza. Nikayakamua kwa mikono yangu mwenyewe, mikono mizima ya dobi, nikijibana nisitumie nguvu.

La sandukuni lilitoa maji kidogo, mengine likayang'ang'ania. La bluu langu halikuhitaji hata kukamuliwa. Maji yalikuwa yamekaa juu juu ya nyuzi, nililiminya tu likayaachia yote, shaa, kwenye beseni.

Nikakaa juu ya kapu la nguo chafu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mchana, kabla ya kidonge, nilimpelekea lile la sandukuni. Nikamwambia jaribu na hili, mwenzake lina unyevu. Alilitazama taulo, akanitazama mimi. Akalishika. Vidole havikufunga. Alijaribu kwa viganja, akajaribu kulibana na goti, na maji yaliyotoka hayakufunika hata kitako cha jagi. Ule mstari wa chini kabisa, wa Machi, ulikuwa mbali juu, kama wa mtu mwingine.

Nikapiga magoti mbele yake. "Nimekosea," nikamwambia. "Nilitia kilainishi. Ni taulo, si wewe."

Ilimchukua muda kupanga maneno. "Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Siku ile ya kwanza. Lilikuwa linateleza." Akasugua dole gumba hewani, kama alivyolisugua taulo siku ile. "Mimi dobi pia, Mkuu."

"Sasa mbona hukusema? Umemeza vidonge vile mwezi mzima na zaidi, unalala kama gogo, unaniomba tuache, na unajua hakuna kitu! Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unaimba."

Basi. Kwake ilikuwa imetosha, na usingizi wa kidonge cha jana ulikuwa bado unamvuta, akalala palepale, kiganja kikiwa wazi kikisubiri cha leo.

Naona haya. Naandika hivi kwa sababu sina neno jingine. Si haya ya kukosea kipimo, kila mtu hukosea. Daktari aliniuliza kitu hiki kitamnyang'anya nini, nikaona swali la kike la kujaza muda. Kimemnyang'anya kuongea, wakati bado alikuwa anaweza kuongea. Machi alikuwa ananitania duka zima. Sasa ni Mei na hesabu ya maneno yetu ya msimu huu haijazi hata beseni. Mimi ndiye niliyemshika kidevu.

4 Mei

Nimekwenda kwa daktari peke yangu na kopo la vidonge. Nilitarajia anifokee, nilikuwa nahitaji mtu anifokee. Alisikiliza, akaandika jinsi ya kuvipunguza polepole, kwa sababu dawa za namna hii haziachwi ghafla. Kisha akasema, "Hata sisi wenye maabara hujidanganya hivyohivyo. Ndiyo maana tumeweka sheria."

"Lakini nyinyi mnaziheshimu."

"Tunazibandika ukutani," akasema. "Kama nyinyi."

5 Mei

Bado sijaliambia kundi. Nimeandika ujumbe, nimefuta. Nimeandika tena, nimefuta.

6 Mei

Jua kidogo. Sijaandika.

7 Mei

Ningeandika tangu siku ile ningekuwa na cha kujitetea. Sina.

Binti wa Mwalimu kaandika leo kundini. Baba yake alisinzia bafuni amesimama, akaanguka, mkono umevunjika, ule wenye kidole anachoandikia. Amemalizia kwa kusema: "Daktari wake anataka aache vidonge, lakini baba anakataa. Anasema Mzee Mistari alivumilia usingizi mpaka mikono ikarudi."

Nimesoma nikiwa nimesimama kaunta. Mteja alikuwa ananisemesha, nikaondoka nikamwacha na tiketi yake mkononi. Uani nikaandika ujumbe wote bila kuinua kidole. Nimesema ni kilainishi. Nimesema nilijua tangu Jumapili nikanyamaza kwa kuona haya. Nimesema mikono ya mume wangu haijarudi, na vidonge hivi wavipunguze kwa kufuata daktari, wasiviache ghafla. Picha ya jagi nimeifuta, ingawa najua walishaihifadhi.

Wengine wamenitukana, na haki yao. Mmoja kasema nimetumwa na wenye viwanda. Binti wa Mwalimu aliniandikia jioni, mimi peke yangu.

"Nimemsomea baba. Hajakasirika, ningependa angekasirika. Ameuliza kama Mzee Mistari bado anajaribu kukamua. Nimjibu nini?"

Nimemwambia sijui. Nitamuuliza mwenyewe.

8 Mei

Nimemuuliza. Alitikisa kichwa akacheka kidogo. Nimemjibu binti: hapana, amestaafu kukamua.

16 Mei

Vidonge vimekwisha mwilini. Yuko macho. Macho yote mawili yako wazi, meupe, yananifuata chumba kizima, na mimi simwelewi.

Nilijipanga kwa siku hii. Nilifunga duka mapema, nikavaa kitenge kizuri, nikakaa mbele yake uani kama mgeni. Akaanza kuongea. Aliongea sana, na nilichosikia ni pumzi, na irabu, na mate. "Sema tena," nikamwambia. Akasema tena. Nikatabasamu nikiitikia kwa kichwa, nikasema ndiyo, ndiyo. Akanyamaza, maana anaijua ndiyo yangu.

Kule ndani kwenye mashine, wifi alikuwa anacheka peke yake.

"Unacheka nini?" nikamuuliza.

"Huyo kaka yangu. Anasema leo umejipamba hivyo, kwani kuna posa? Mbona hajaambiwa mapema anyoe ndevu?"

Nilimtazama mume wangu, naye akainua nyusi. Ndicho hasa alichosema. Dada yake amesikia kutoka chumba kingine, katikati ya ngurumo ya mashine, na mimi niko hapa magoti yetu yanagusana.

"Wewe unamwelewaje?" nikamuuliza wifi baadaye, tukianika.

Hakunisimanga, ingawa alikuwa na nafasi nzuri. "Nilikuwa nakaa naye ile saa ya asubuhi. Maneno yalikuwa yanaharibika taratibu, moja leo, jingine kesho. Nilikuwa nayafuata tu. Wewe umeyakuta yote yameharibika kwa mkupuo."

Soga za wavivu. Ndizo hizo.

"Wifi," nikasema, "lile shati la karani."

"Lipi?"

"Unalijua."

Akabana kibanio kwenye shuka. "Nilikuwa nasubiri nione utachukua miaka mingapi."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe ukinifulia zamu zangu mwezi huu," akasema, na akaondoka kweli, akaniachia kapu zima.

23 Mei

Nakaa naye asubuhi, na mchana, na pasi nimeihamishia uani ili nisimpe mgongo. Wifi ananifundisha. "Usisikilize ulimi, sikiliza urefu," anasema. "Na mtazame mashavu." Leo nimepata "maji," nimepata "funga," na jambo moja refu ambalo lilikuwa tusi kwa jirani. Nimefurahi kwa tusi lile!

Daktari kasema hata hizo pumzi zitakwisha, huenda kabla ya mwaka kugeuka. Jagi sasa wifi analitumia kuchotea sabuni.

30 Mei

Mvua zimekatika. Kamba zote ziko nje.

Nilikuwa nanyoosha uani, yeye kwenye kiti chake. Alisema kitu. Sikukipata. Wifi alikuwa kaenda dukani, hivyo hapakuwa na mkalimani, na mimi nikafurahi, nikasema leo nitajitegemea. "Sema tena," nikamwambia, nikamkazia macho mashavu kama nilivyofundishwa. Akasema tena, kwa haraka zaidi. Urefu wake ulikuwa mdogo, neno moja tu. "Chai?" Hapana. "Chatu?" Akafumba macho kwa kukata tamaa, akafungua, akasema mara ya tatu, na kidevu chake kikanyooka kuelekea mkononi mwangu.

"Shati!" nikapiga kelele. "Umesema shati! Nimelipata! Shati limefanya nini?"

Harufu ikanijibu.

Lilikuwa jeupe, la kola ngumu. Jipya, lile tulilomnunulia karani kulipia la Machi. Mume wangu alicheka mpaka machozi yakamtoka, nikamfuta kwa kanga yangu, nami nacheka, na alama ya pasi inafuka moshi kati yetu.

Karani alikuja saa ya kawaida. Akalikunjua, akalitazama, akanitazama. "Yule wifi yako tena?"

"Hapana," nikasema. "Ni mimi. Na lile la Machi halikuwa la wifi pia. Aliliunguza mume wangu. Anaumwa, mikono haina nguvu tena, nami niliona haya kukuambia."

Nikalivuta pazia lote mpaka mwisho, na mlango wa uani nikausukuma ukafunguka. Mume wangu alikuwa kwenye kiti chake, kwenye jua, anatutazama.

Karani aliweka shati kaunta, akainamisha kichwa. "Shikamoo, Mzee Mistari."

Mume wangu akajibu, akaendelea, sentensi nzima. Karani akatabasamu ile tabasamu ninayoijua, ya mtu asiyeelewa, kisha akanigeukia mimi.

"Anasema marahaba," nikamwambia. "Na anasema kama una shati jingine jeupe, usimpe dobi huyu."

Ndivyo alivyosema, neno kwa neno.